Baba aliambiwa ni bawasiri, tukamzika kwa saratani. Je, yangu nayo itageuka?

“Daktari, nina miaka 39 na huu ni mwaka wa kumi na moja nikiendesha matatu kati ya Rongai na mjini. Tangu Aprili nimekuwa nikiona damu nyekundu baada ya haja kubwa. Siku nyingine ni alama tu kwenye karatasi, siku nyingine inadondoka mpaka maji ya choo yanabadilika rangi, halafu inapotea wiki nzima. Hainiumi. Kuna kinyama kinachotoka nikijikamua. Zamani kilikuwa kikirudi chenyewe, lakini mwezi huu nimekuwa nikikirudisha kwa kidole. Mke wangu alininunulia dawa ya kupaka, ikatuliza mwasho, damu ikabaki palepale. Makanga wangu anasema ni joto la injini linalopanda kwenye kiti, mamangu anasema ni pilipili. Kuna mtu mjini anayedunga sindano ya mitishamba, anadai kinyama kinakauka na kuanguka kwa siku saba, shilingi elfu nane. Nataka kwenda kwa sababu ya hofu: baba aliugua bawasiri miaka mingi, ikageuka saratani ya utumbo. Waliigundua akiwa na miaka 48, tukamzika mwaka uliofuata. Tuko wanne, mimi ndiye mkubwa. Nikikitoa mapema si nitakuwa nimeikata mizizi? Pia nasikia bawasiri inamaliza nguvu za kiume. Hospitali naona haya, nikifikiria ni msichana wa umri wa dada yangu mdogo atakayeniambia nivue.”

Ndugu yangu, pole kwa miezi hii, na pole kwa mzee.

Barua yako nimeisoma mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza nilikwama pale kwa baba yako na yaliyofuata hayakuingia. Umeanza na damu, ukapitia kiti cha gari na pilipili, ukafika kwa mtu wa sindano, ndipo ukalitaja lililo zito, karibu kwa kupita tu. Wagonjwa wengi hufanya hivyo. Mtu hukaa na daktari dakika kumi akizungumzia kikohozi, halafu akishashika kitasa cha mlango ndipo husema, “Na kuna kitu kingine kidogo, daktari.” Kwa hiyo niruhusu nisifuate mpangilio wako.

Bawasiri haigeuki saratani. Haigeuki ikikaa mwaka, haigeuki ikikaa miaka ishirini. Na dalili ulizozieleza, damu nyekundu isiyo na maumivu, inayodondoka baada ya choo, pamoja na kinyama kinachotoka na kurudishwa, zinafanana sana na bawasiri ya ndani. Ningekuwa mtu wa kuweka dau ningeliweka hapo. Lakini hata tukithibitisha kesho kwamba ni bawasiri tupu, bado utumbo wako mpana unahitaji kuchunguzwa wote, mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ya baba yako. Haya ni mambo mawili, na moja haliliondoi jingine.

Sikumtibu mzee, kwa hiyo siwezi kukuambia kilichotokea kwake. Naweza kukueleza ninachokiona mara kwa mara. Mtu anatoka damu. Anaona aibu, anamweleza rafiki, rafiki anamwambia hiyo ni bawasiri, hata mimi niliwahi kuwa nayo. Anaenda duka la dawa, anapewa ya kupaka bila kuguswa na mtu. Damu inapungua kwa muda, kwa sababu damu ya bawasiri huja na kwenda, na ya uvimbe wa saratani nayo huja na kwenda. Mwaka unapita, mwingine unapita. Siku anapoanza kukonda ndipo mtu wa kwanza anavaa glavu na kumchunguza. Familia ikikumbuka baadaye inasema ilianza kama bawasiri ikageuka. Kumbe pengine zilikuwapo zote mbili tangu awali, au bawasiri haikuwapo kabisa. Njia ya kutokea ni moja. Kila kinachovuja damu huko juu kitatokea hapohapo.

Kwetu neno bawasiri limekuwa gunia. Kinachowasha, kinachouma, kinachotoa usaha, kinachotoa damu, vyote tunavitia humo na kufunga kamba. Ndiyo sababu nitakuchosha kidogo na maelezo ya maumbile. Ukiyaelewa utajua kwa nini sipendi utambuzi wa kuambiwa dukani.

Kila mtu, mwanamume kwa mwanamke, amezaliwa na mito mitatu midogo ndani ya njia ya haja kubwa. Nasema mito ya kulalia, si ya maji, ingawa imejaa mishipa ya damu. Mmoja uko upande wa kushoto, miwili upande wa kulia, wa mbele na wa nyuma. Kazi yake ni kuziba. Msuli wa kubana choo peke yake hauwezi kufunga kabisa, kama vile mfereji usiofunga bila kipande cha raba ndani yake. Mito hiyo hujaa damu na kukamilisha kazi. Inakadiriwa kuchangia asilimia 15 hadi 20 ya nguvu ya kubana wakati umetulia. Ndiyo inayokuwezesha kutoa hewa ndani ya gari lililojaa bila aibu kubwa zaidi kutokea. Kwa hiyo bawasiri si kitu kigeni kilichoota. Ni mito hiyo ya kuzaliwa nayo, imevimba, na kamba zinazoishikilia ukutani zimelegea hadi ikaanza kuteleza kuelekea chini.

Inalegea kwa nini? Kwa shinikizo la mara kwa mara. Unapojikamua, damu inasukumwa chini na kuzuiwa kurudi juu, mito inajaa kupita kiasi, na choo kigumu kinapita juu yake kikiikwaruza. Ukirudia hivyo kila asubuhi kwa miaka, kamba zinachoka. Mimba hufanya vilevile kwa njia nyingine, ndiyo maana kina mama wengi hupata bawasiri miezi ya mwisho au baada ya kujifungua. Damu inayotoka ni nyekundu ya kung’aa kwa sababu ndani ya mito hiyo mishipa inayoleta damu safi imeungana moja kwa moja na ile inayoirudisha.

Sasa, kwa nini haikuumi? Ndani ya njia hiyo kuna mstari, sentimita chache tu kutoka nje. Juu ya mstari huo ngozi yake ni ya utumbo, na utumbo haujui kuchomwa wala kukatwa. Unajua kujaa na kunyongwa tu. Chini ya mstari ni ngozi yenye neva kama za ncha ya kidole. Bawasiri ya ndani inaota juu ya mstari, ndiyo maana inaweza kutoa damu ya kutisha bila kuuma. Yako, kwa kuwa inatoka na sasa unairudisha kwa kidole, tunaiita daraja la tatu. La kwanza haitoki nje, la pili inatoka na kurudi yenyewe, na la nne haikubali kurudi hata ukiisukuma.

Kwa hiyo mtu akiniambia “nina bawasiri, inaniuma vibaya”, mara nyingi nafikiria kitu kingine kwanza. Maumivu makali kama kupitisha vipande vya chupa wakati wa choo, yanayoendelea kuuma saa moja au mbili baadaye, na damu kidogo kwenye karatasi, hayo kwa kawaida ni ufa, yaani mpasuko mdogo wa ngozi. Tiba yake ni tofauti: kulainisha choo na marhamu maalumu ya kulegeza msuli kwa wiki sita hadi nane. Uvimbe wa rangi ya zambarau uliotokea ghafla nje, mgumu kama punje ya harage, unaouma hata kukaa, ni bonge la damu iliyoganda kwenye bawasiri ya nje. Huo huuma zaidi siku mbili au tatu za kwanza, kisha hupungua wenyewe ndani ya siku kumi hivi. Ukimwahi daktari mapema, ndani ya saa 72, anaweza kuukata kwa ganzi ya kawaida na ukapata nafuu haraka. Maumivu ya kudunda pamoja na homa ni jipu, na jipu la mahali hapo halingojei kesho. Usaha unaovuja kutoka tundu dogo pembeni ni fistula. Damu iliyochanganyika na kamasi na kuharisha inaweza kuwa amiba, au kichocho cha tumbo kwa mtu aliyeoga au kulima kwenye maji ya mashamba ya mpunga ya Mwea. Wote hawa hufika kwangu wakiwa na jina moja, na wengi wakiwa na dawa moja ya kupaka.

Nirudi kwa makanga wako. Joto la injini halileti bawasiri. Sakafu baridi nayo, ambayo wazazi wetu walitukataza kuikalia, haihusiki. Pilipili inaweza kukuwasha ikipita ukiwa tayari una kidonda au mwasho, lakini haisababishi. Ingekuwa hivyo watu wa Pwani wasingekaa kitako. Na nguvu za kiume: neva na mishipa ya kazi hiyo ni mingine. Mtu anayetoka damu miezi mingi anaweza kupungukiwa damu, akachoka, akakosa hamu. Mtu mwenye hofu kama yako pia anaweza kukosa hamu. Ila matangazo yanayobandikwa kwenye nguzo za stima yakiunganisha bawasiri na nguvu za kiume yameandikwa na mtu anayejua ni hofu gani inayofungua pochi ya mwanamume.

Makanga amekosea kuhusu injini, lakini kuhusu kazi hajakosea sana. Nimepanda matatu za Rongai, najua mwendo wake. Nadhani siku yako inaanza saa kumi na nusu alfajiri, bila chai. Hunywi maji kwa makusudi, kwa kuwa ukinywa utabanwa kwenye foleni ya Bomas ambapo huwezi kuliacha gari. Haja kubwa ikikujia saa mbili asubuhi unaizuia kwa sababu abiria wamejaa na mwenye gari anataka hesabu yake. Choo kikizuiwa hakikai bure: utumbo unaendelea kukinyonya maji, na jioni unatoa mawe. Na kama unatafuna miraa au muguka ili usisinzie, hukuniambia na sikulaumu, basi ujue ina tanini inayokausha choo, na inakata njaa, kwa hiyo hata kilichopo tumboni ni kidogo na kikavu.

Hapo ndipo tiba inapoanza, na nakuomba usiione ndogo kwa kuwa haina sindano. Mtu mzima anahitaji gramu 25 hadi 30 za nyuzinyuzi kwa siku. Wengi wetu hapa mjini, tukiwa tunaishi kwa chapati nyeupe, mandazi, chipsi na ugali wa unga uliokobolewa, hatufiki hata nusu. Kikombe kimoja cha maharagwe yaliyoiva kina gramu 13 hivi. Parachichi moja zima lina karibu kumi. Kwa hiyo chapati-madondo ya mchana si adui yako. Ongeza madondo, punguza chapati, na uitishe parachichi pembeni. Githeri ni bora zaidi. Ugali wa unga wa kusagwa posho bila kukobolewa, nduma au viazi vitamu na ganda lake asubuhi, sukuma, managu, terere, papai. Mutura na nyama choma havijakatazwa, ila havina nyuzinyuzi hata moja, na kachumbari ile ya kijiko kimoja haiwezi kuvikomboa. Ongeza polepole kwa wiki mbili tatu, la sivyo tumbo litajaa hewa na utaniapiza.

Maji lazima yafuate. Nyuzinyuzi bila maji ni kama saruji. Glasi mbili unapoamka, na nyingine kila ukimaliza raundi. Ndiyo, utakojoa. Vyoo vya kulipia mjini vipo, na shilingi zile chache ni nafuu kuliko upasuaji.

Kama chakula hakitoshi, na kwa dereva huenda kisitoshe, kuna maganda ya isabgol. Ni unga wa mbegu usio na kemikali kali, unauzwa katika maduka mengi ya dawa; kijiko kimoja ndani ya glasi kubwa ya maji, unywe hapohapo kabla haijaganda. Tafiti zilizokusanywa pamoja zimeonyesha kwamba nyongeza za aina hii hupunguza damu ya bawasiri kwa karibu nusu. Hakuna marhamu yenye rekodi kama hiyo. Laktulosi, dawa ya majimaji, nayo inalainisha choo, ingawa inaweza kuleta hewa tumboni. Zile za kuharisha kwa nguvu usizifanye mazoea.

Jambo jingine ni namna ya kukaa chooni, na hapa wengi hawapendi kusikia. Acha simu nje. Ukikaa kwenye choo cha kiti, katikati hakuna kitu kinachokushikilia, na ile mito mitatu inaning’inia ikijaa damu dakika zote unazosoma matokeo ya mechi. Dakika tano zinatosha. Kama hakuna kilichotoka, inuka, utarudi. Choo cha kuchuchumaa kinanyoosha njia vizuri zaidi, kwa hiyo choo cha plotini si cha kudharau, mradi usichuchumae nusu saa. Ukiwa na cha kiti, weka kibao au ndoo iliyopinduliwa chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Na utumbo una saa yake: huamka baada ya kula, hasa asubuhi. Amka robo saa mapema, kunywa chai na kitu cha kutafuna, kisha nenda chooni kabla ya kugusa funguo za gari. Kwa dereva nadhani hii robo saa ina faida kuliko dawa zote nilizozitaja.

Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika kumi hadi kumi na tano, mara mbili kwa siku, kunalegeza msuli na kutuliza. Maji matupu, usitie Dettol wala chumvi ya kuchoma. Jisafishe kwa maji badala ya kusugua kwa karatasi. Dawa ya kupaka aliyokununulia mkeo ilifanya kazi yake, ilituliza mwasho. Nyingi zina ganzi na steroidi kidogo, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, na kwa kuwa steroidi hupunguza unene wa ngozi, usipite wiki moja au mbili. Hazikirudishi kinyama mahali pake. Vipo pia vidonge vyenye diosmini ambavyo husaidia damu ikate haraka wakati imechachamaa, lakini haviondoi mzizi.

Sasa yule wa elfu nane. Nitakuwa mkweli: sindano ya bawasiri ipo kihalali. Daktari anaweza kudunga fenoli iliyochanganywa na mafuta ya lozi juu ya shina la mto, kiasi kidogo, mahali mahususi juu ya ule mstari, ili kitengenezwe kovu dogo linaloushikilia. Ninachokiogopa ni kimiminika kisichojulikana kinachodungwa na mtu asiyejua mstari uko wapi. “Kinakauka na kuanguka” maana yake nyama inaungua na kufa, na dawa inayoua nyama haijui mpaka wa kinyama chako na msuli wako. Nimewapokea watu baada ya tiba za aina hiyo. Wengine njia ilishikana kwa makovu ikabaki nyembamba kiasi cha kalamu. Wengine msuli uliungua wakawa hawawezi tena kuzuia choo. Hayo kuyarekebisha ni kazi kubwa kuliko bawasiri yenyewe, na mara nyingine hayarekebishiki. Tena kwako wewe kuna hatari ya pili: kinyama kingeanguka kweli, damu ikakoma miezi kadhaa, ukapumua, na utumbo wako wa juu ungebaki haujatazamwa na mtu. Ndiyo maana jibu langu kwa swali la kukata mizizi ni hapana. Mzizi wa saratani hauko kwenye kinyama hicho.

Kwa daraja lako, ukishachunguzwa, kitu ambacho ningependekeza kwanza baada ya choo kulainika ni kufungwa raba. Njia hii ilienezwa na daktari Barron wa Marekani tangu 1963 na bado inatamba. Daktari anapitisha bomba fupi, anavuta mto uliolegea, na kuuvika mpira mdogo shingoni. Damu haiupitii tena, unanyauka, na kati ya siku ya tano na ya kumi unaanguka pamoja na mpira wake, pengine hata hutauona. Hulazwi, hupewi nusukaputi, kwa sababu inafanyika juu ya mstari usiohisi. Utahisi uzito kama wa kutaka choo siku moja au mbili. Huenda ikahitaji kurudiwa mara mbili au tatu. Wachache hutoka damu ghafla siku mpira unapoanguka, kwa hiyo usipange safari ya mbali wiki hiyo. Ikiwa unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au kinga yako ya mwili iko chini, mwambie daktari kabla, kwani uamuzi unaweza kubadilika.

Upasuaji wa kukata ndio unaodumu zaidi, na ndio unaouma zaidi. Njia inayofanywa sana ilielezwa mwaka 1937 na Milligan na Morgan wa hospitali ya St Mark’s, London, na waliopitia watakwambia wiki mbili za kwanza chooni huzisahau kwa shida. Kwa dereva tegemea wiki mbili hadi nne bila usukani. Ni sawa kwa daraja la nne, au la tatu lililokataa raba. Kukimbilia huko kabla ya kulainisha choo chenyewe ni kupaka rangi ukuta unaovuja. Mito mingine italegea.

Nifike kwa kolonoskopi, yaani kamera ndogo inayopitishwa nyuma kutazama utumbo mpana wote, ambayo ndiyo hasa nilitaka kukuandikia. Saratani nyingi za utumbo mpana huanza kama vinundu vidogo viitwavyo polipu, na huchukua takriban miaka kumi kugeuka. Hivyo ndivyo vinavyogeuka, ndugu yangu, si bawasiri. Kamera ikipita, daktari anaviona na kuvitoa hapohapo, kabla havijawa ugonjwa. Mtu ambaye mzazi au ndugu yake wa tumbo moja alipata saratani hii anashauriwa kuanza kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka kumi kabla ya umri ambao jamaa huyo aligunduliwa, kutegemea kinachotangulia. Baba aligunduliwa akiwa na 48. Toa kumi. Ulitakiwa uwe umechunguzwa mwaka jana, hata bila tone la damu.

Siku moja kabla utakula vitu vya majimaji tu na kunywa dawa ya kusafisha tumbo, na hiyo ndiyo sehemu mbaya. Kaa karibu na choo. Siku yenyewe unapewa dawa ya kukusinzisha, wengi hawakumbuki kitu. Kwa sababu ya dawa hiyo huruhusiwi kuendesha gari kwa saa 24, kwa hiyo mtafute mwenzako wa sako akushikie gari siku hiyo na uje na mtu wa kukupeleka nyumbani.

Anza kwa daktari wa karibu nawe au hospitali ya kaunti kama Mbagathi. Mwambie sentensi mbili mwanzoni kabisa: natoka damu tangu Aprili, na baba alikufa kwa saratani ya utumbo akiwa na miaka 49. Ukizisema hizo, hakuna daktari makini atakayekuandikia ya kupaka na kukuaga. Atapima damu yako kuona kama imepungua, atakuchunguza kwa kidole chenye glavu na mafuta, chini ya dakika moja, kisha kwa bomba fupi lenye taa, kwa sababu bawasiri ya ndani ni laini na kidole mara nyingi hakiihisi. Kolonoskopi utatumwa kwenye hospitali kubwa, kwa mfano Kenyatta. Uliza mapema SHA, bima ya afya ya serikali, italipa kiasi gani na wewe utaongeza nini, usije ukashtukizwa dirishani.

Kuhusu msichana wa kukuambia uvue: una haki ya kuomba daktari mwanamume, na mara nyingi atapatikana ukiwa tayari kungoja. Lakini huyo msichana ameona wengi kabla yako wiki hii. Utalala kwa ubavu, magoti kifuani, shuka juu yako, na yeye atakuwa anawaza mstari, mito na rangi ya damu.

Usingojee miadi ukiona mojawapo ya haya: damu nyingi isiyokoma au mabonge, kizunguzungu au moyo kwenda mbio ukisimama, choo cheusi kama lami (isipokuwa unameza vidonge vya madini ya chuma), kinyama kilichotoka kikakataa kurudi na kuanza kuuma, au homa na maumivu ya kudunda. Hayo ni ya siku hiyohiyo, hata usiku. Kukonda bila sababu, choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, au hisia kwamba hujamaliza hata ukiwa umemaliza, nazo zikusogeze mbele ya foleni, mtajie daktari.

Na umesema mko wanne. Nduguzo watatu walizaliwa na baba yuleyule, na hesabu ya 48 kutoa kumi ni yao pia, wawe wanatoka damu au hawatoki. Ukishapata tarehe yako, mpigie simu anayekufuata kwa kuzaliwa umuulize ametimiza miaka mingapi.